Ukimshukuru mstaafu wa jeshi, sikiliza anavyojibu

Mwambie mstaafu wa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) "asante kwa kulitumikia taifa" na mara nyingi utapata jibu fupi: "Ilikuwa kazi." "Tulitumwa, tukaenda." "Tumshukuru Mungu." Halafu anakuuliza habari za nyumbani, na mazungumzo yanahama. Wengi hapa Dar wanadhani mzee hapendi kushukuriwa, wanaaga. Kumbe shukrani ameipokea, ila imekuja kwa ujumla mno, hana pa kuishikia. Miaka yake 20 au 30 ya kambi, uhamisho na pengine vita imetajwa kwa mkupuo, na aliyeitaja hajaonyesha kama anajua hata kimoja kilichomo.

Wamarekani wana desturi yao. Hasa tangu 2001, raia hukutana na askari asiyemjua dukani au uwanja wa ndege akamshukuru kwa utumishi wake, na tarehe 11 Novemba ni siku ya wastaafu wao wote wa jeshi. Hata huko wapo wastaafu wengi ambao neno hilo linawakosesha raha, kwa sababu uandikishaji wa lazima ulikoma 1973 na anayeshukuru anaweza kuwa hana ndugu hata mmoja aliyevaa sare. Vijana wetu wanaliona kwenye simu wanalileta Mwenge jinsi lilivyo.

Kwetu hali ni nyingine. Vita vya Kagera, tulivyopigana na Uganda ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, vilichota watu kila kona. Jeshi lililokuwa na askari kama 40,000 lilikua likapita 150,000, wakiwemo mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza. Ndiyo maana mzee mwenye genge Gongo la Mboto anaweza kuwa alipita Mutukula, mpakani mwa Uganda, mwaka 1979, na hana sare, hana cheo, hana picha ukutani. Kosa linaloumiza kuliko yote ni kumuuliza mtu kama huyo, "Ulikuwa mwanajeshi kabisa au mgambo tu?" Mgambo walibeba bunduki ileile na kutembea barabara ileile, kisha vita ilipokwisha wengi wakarudi shambani. Ukimshukuru wa namna hii, mshukuru kwanza kwa kwenda, kwa sababu kwenda kwenyewe ndiko watu walikosahau.

Anza na shikamoo. Usiiruke kwa haraka ya kufika kwenye asante. Mstaafu ambaye hujamwamkia atakujibu kwa mkato hata umpe maneno gani. Kuhusu cheo, muulize mtoto wake au mkewe mapema. Maafisa wengi wanapenda kutajwa kwa cheo pamoja na neno mstaafu: Meja mstaafu, Kanali mstaafu. Waliomaliza na ukoplo au usajini wengi wanaridhika na "mzee" au "afande". Ila aliyestaafu juzi baada ya kulinda amani Darfur au Kongo anaweza kuwa bado mtu wa makamo, na "mzee" haimfai. Mwite kaka, au afande.

Kisha taja kitu. "Mzee, nasikia ulikuwa Lukaya. Asante sana." Mahali na mwaka vinatosha, mradi uwe umesoma kidogo. Ukijua kwamba Nyerere alitangaza vita Novemba 1978, kwamba Lukaya, huko Uganda, ilipiganiwa Machi 1979 kwenye barabara iliyopita katikati ya kinamasi, na kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, mzee ataona anazungumza na mtu aliyejipa kazi ya kujua. Baada ya hapo nyamaza. Usijaze ukimya kwa asante ya pili na ya tatu, maana unamlazimisha akujibu adabu badala ya kukujibu la moyoni. Akiendelea, muulize la kawaida: mlikula nini, mlilala wapi, masika yalipoanza mlitembeaje. Sehemu kubwa ya safari ile ilikuwa kwa miguu, na kwa mvua na matope karibu kila mmoja ana la kusema.

Yapo ya kutouliza. "Uliua wangapi?" haiulizwi, hata kwa utani, hata na mtoto, mtoto akiuliza, mkatize wewe kabla mzee hajalazimika kumjibu. Usiulize idadi za askari, silaha wala mipango, hasa kwa waliotoka operesheni za karibuni. Kuna kiapo, na mstaafu anabaki na siri zake. Akisema "hayo tuyaache", yaache siku hiyo na siku nyingine, mpaka ayarudie mwenyewe.

Jibu linalohitaji uangalifu kuliko mengine ni hili: "Wa kushukuriwa wako Kaboya." Kaboya, wilayani Muleba, ndiko walikozikwa mashujaa wa Kagera; aliyehudumu upande wa kusini atakutajia Naliendele, Mtwara, na aliyekuwa Kivu, mashariki mwa Kongo, atakutajia wenzake waliouawa Semuliki Desemba 2017. Watu wanakosea hapa kwa nia njema kabisa. Wanakimbilia kusema, "Lakini na wewe ni shujaa!" Kwake hiyo inasikika kama kumtoa marehemu kwenye mazungumzo ili nafasi yake aichukue yeye. Amebaki hai na mwenzake hakubaki, na hesabu hiyo hajaifunga. Uliza jina. "Rafiki yako alikuwa anaitwa nani?" Akikutajia, litaje nawe, umwombee: Mungu amrehemu, au amlaze mahali pema. Hiyo ndiyo shukrani anayoweza kuipokea, kwa kuwa sasa anaipokea kwa niaba ya mtu.

Tarehe nazo zinachanganywa sana. Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, nayo ni kumbukumbu ya waliokufa: kwenye mnara huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka na shada la maua, watu hunyamaza, viongozi wa dini huomba dua. Kumtumia mstaafu ujumbe wa "Hongera kwa Siku ya Mashujaa" wenye maua na fataki ni kumpongeza msibani. Siku hiyo sema "poleni, tunawakumbuka wenzenu." Hongera iweke tarehe 1 Septemba, Siku ya Majeshi, kwa sababu JWTZ ilizaliwa 1 Septemba 1964. Hiyo wanaifurahia kweli, na asante ya siku hiyo hujibiwa kwa tabasamu na hadithi za kambini.

Kama ni shule, kanisa, msikiti au ofisi inayotaka kuwaheshimu wastaafu, zungumza na kila mmoja peke yake angalau wiki moja kabla. Muulize kama anataka kutajwa, kwa cheo gani, na kama kuna jambo lisisemwe. Mshereheshaji akisema ghafla "wastaafu wote wasimame tuwapigie makofi", wengine hawatasimama kwa sababu ya magoti, wengine kwa sababu hawakutaka kujulikana, na wale wa mgambo watabaki wamekaa wakijiuliza kama nao wamo. Badala yake msomaji asome majina wakiwa wamekaa. Mkono wa kushukuru umfuate mzee alipo, kipaza sauti kadhalika. Hotuba isizidi dakika 3. Wakalishe pembeni mwa safu, karibu na mlango, ili anayetaka kutoka atoke bila kuvuka watu. Puto zisipasuliwe na fataki zisiwepo. Mlio wa ghafla kwa baadhi yao unaharibu siku nzima, na atakachofanya ni kuondoka kimya bila kukwambia sababu.

Na usishone wala kuchapisha fulana za rangi za kombati kwa ajili ya sherehe. Raia kuvaa mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo ni kosa, na Agosti 2023 Jeshi lilitoa siku 7 kwa raia kuyasalimisha. Mstaafu akiona watoto wamevikwa hivyo hafurahi hata kidogo. Nguo ya kawaida inatosha. Kama kuna bahasha, mpe pembeni kwa mikono miwili, bila kamera.

Wajane msiwasahau. Huyo alilea watoto mume yuko mpakani, alipokea habari au alikaa miezi bila habari, na akishukuriwa hajibu kwa mkato. Anaeleza kirefu. Mtembelee siku ambayo huna haraka.

Jibu la mwisho ambalo watu hulikwepa ni hili: "Asante, mwanangu, lakini pensheni..." Wasikilizaji hujisikia vibaya, wanadhani wameombwa hela. Mara nyingi anasema tu kinachomkalia. Pensheni ya mwanajeshi hulipwa na Hazina, na uhakiki wa wastaafu unapotangazwa, asiyehakikiwa anaweza kusimamishiwa malipo. Kilichoshindikana huwa kidogo: hakuliona tangazo, jina kwenye kitambulisho cha Taifa halifanani na la kwenye kitambulisho cha pensheni, au mguu haumruhusu kugombea daladala saa 12 asubuhi. Msomee tangazo neno kwa neno. Linganisha majina kwenye vitambulisho vyake na kadi ya benki, herufi kwa herufi, kabla hajatoka nyumbani. Toa nakala 2 za kila karatasi, halisi zikae kwenye bahasha ya plastiki ndani ya mfuko wake mwenyewe. Bajaji ilipie kwenda na kurudi, na awepo kijana wa kukaa naye kwenye foleni.