Mwenzako ako wapi?

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, mnisamehe, jana tulikuwa kwa uwanja hadi giza likaingia tukichora laini na chokaa, halafu mvua ya usiku ikazifuta zote, sasa Jumamosi asubuhi tunaanza upya.

Somo la kwanza la Jumamosi hii, Juma la 3 la Pasaka, ni Matendo 9:31-42, habari ya Tabitha wa Yafa, yule anaitwa pia Dorkasi. Mnaikumbuka. Mama alikuwa anasaidia maskini, anashonea wajane nguo, akashikwa na ugonjwa akafa, wakamwosha wakamlaza chumba cha juu, wakatuma watu wawili wakamwite Petro kule Lida aje bila kukawia. Sasa Petro anaingia pale juu, na mimi kila mwaka nikifika hapa nasimama kwanza, kwa sababu ya wale wajane. Hakuna aliyesoma wasifu wa marehemu, hakuna aliyeanza kueleza alikuwa mtu wa aina gani. Walisimama karibu na Petro wanalia huku wanamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alishona akiwa bado nao. Yani walimwonyesha kitu. Nikisoma naona mmoja ameshika pindo la nguo aliyovaa mwenyewe, anamsogezea Petro aone mshono, hii ni kazi ya mkono wake, hii hapa, imenikinga baridi miaka yote hii.

Wiki hii naomba tukae na hao wajane, kwa sababu Jumamosi ni fainali ya mpira ya watoto na wote mnajua ni ya kumkumbuka nani. Mama yake ameniomba jina lisiandikwe kwa hizi tafakari maana zinaforwadiwa zinafika kwa watu hata hatuwajui, basi nitamwita Kocha tu, vile watoto walimwita.

Kocha alikuwa zimamoto. Hiyo ndiyo kazi ilimpa mshahara. Uwanja ulikuwa wa siku zake za ofu na wa masaa alipaswa kuwa amelala. Alikuwa anatoka zamu ya usiku, anafika nyumbani na ile harufu ya moshi haitoki kwa nywele hata akioga mara mbili (mama yake ndiye aliniambia), analala kidogo, na saa tisa mchana ako kwa uwanja na filimbi na gunia la mipira, mingine ikiwa ile ya makaratasi ya kufungwa na kamba. Hakuitisha mtoto shilingi. Mtoto akikuja bila viatu, wale wenye njumu wanavua ili wote wacheze sawa, na mimi nilidhani ni mambo ya usawa tu, baadaye nikaelewa alikuwa anachunga vidole vya wale hawana.

Na alikuwa na sheria moja ngumu. Kila mtoto lazima awe na mwenzake. Mazoezi wawili wawili, kwenda kunywa maji wawili wawili, kwenda choo wawili wawili, kurudi nyumbani jioni wawili wawili. Akiona mtoto amesimama peke yake anauliza swali lile lile, kwa sauti hata wamama wa mboga kule kando ya barabara wanasikia: "Mwenzako ako wapi?" Ukijibu sijui, mpira unasimama hadi mwenzako apatikane.

Siku moja nikamuuliza hii sheria ameitoa wapi, nikidhani atanitajia Marko 6:7, pale Yesu anawatuma wale Thenashara wawili wawili. Akasema ni ya kazini. Zimamoto haingii kwa nyumba inaungua akiwa peke yake. Akanieleza: umebeba mtungi wa hewa mgongoni, wanakuambia ni wa dakika 30 hivi, lakini ukipanda ngazi ukivuta mpira wa maji uliojaa unapumua haraka na hewa inaisha kabla ya hizo dakika, na huko ndani moshi ni mweusi huoni hata mkono wako, unatambaa chini kwa sababu moshi na joto vinapanda juu na ile hewa kidogo inayofaa inabaki karibu na sakafu, mkono mmoja umegusa ukuta, na unachoshikilia kingine ni sauti ya mwenzako. "Nikimpoteza huyo," akaniambia, "hata mimi nimepotea."

Ule moto sitaeleza sana. Ilikuwa godauni, waliingia wawili, wakatengana kwa moshi. Kocha alikuwa tayari amefika mlangoni. Mwenzake alitusimulia yeye mwenyewe, jioni moja tukiwa jumuiya, kofia ameishika kwa mikono miwili, kwamba alikuwa amepoteza ukuta, hajui mbele wala nyuma, halafu akasikia sauti ya Kocha inarudi ndani, inaita, uko wapi, uko wapi, akaifuata hiyo sauti akiwa kwa magoti hadi akaona mwanga. Akapita mlango. Ukuta ukashuka nyuma yake.

Tangu tumzike Kocha sijaweza kusoma Mwanzo vile nilikuwa nasoma. Fungueni Mwanzo 3:9, swali la kwanza kabisa Mungu anamuuliza mtu ni "Uko wapi?" Halafu geuza ukurasa, 4:9, anamuuliza Kaini, "Yuko wapi Habili ndugu yako?" Haya maswali mawili Kocha aliyauliza yote, moja kwa uwanja kila jioni na lingine ndani ya moshi. Na Kaini akajibu vile tunajibunga sisi. Sijui, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?

Hapa lazima nikiri. Kabla nimjue Kocha nilikuwa mmoja wa wale wanasimama kando moto ukiwaka wakisema hawa watu wa zimamoto wamechelewa, wamekuja bila maji, hawana maana. Nimewahi kusimama mahali vijana wanalirushia gari lao mawe na sikufungua mdomo. Hakuna siku nilijiuliza hilo gari lingepita wapi. Njia ya kuingia kwetu tumebananisha vibanda pande zote, mchanga wa mtu anayejenga umemwagwa katikati, mtaro umeziba, waya za stima za kuunganisha zimening'inia hadi wa bodaboda anainamisha kichwa. Tumelilia moto wa soko la Gikomba mara ngapi, Juni 2018 peke yake watu 15 walikufa hapo, na tukimaliza kulia tunarudisha vibanda pale pale. Ndugu yako ako wapi? Sijui. Nilikuwa napanga biashara.

Sasa niseme kuhusu mwaka wa kwanza wa hii toniamenti, kwa sababu tulikosea na nataka wale wageni kwa jumuiya wajue. Tulichanga vizuri, Mungu awabariki, lakini pesa nyingi ikaenda kwa hema, viti na spika kubwa. Wageni wa heshima wakaongea karibu masaa matatu. Fulana zilichapishwa picha yake mbele na wafadhili mgongoni. Watoto walikuwa wamepangwa laini kwa jua, wamevaa jezi mpya, mmoja akazirai. Mama yake Kocha tulikuwa tumemweka mbele kabisa, kiti chenye kitambaa cheupe, akaniita kwa mkono, nikainama, akaniuliza polepole, "Na watoto wanacheza saa ngapi, mwanangu?" Fainali ilianza saa kumi na mbili kasoro. Kipindi cha pili hakikuchezwa, giza.

Hilo swali lilituponya. Mwaka uliofuata hakukuwa na hema. Mama alikaa kwa benchi ya timu, leso begani, akiwagawia watoto machungwa yaliyokatwa vipande vinne vinne.

Kuna mtu nimewahi kusoma habari zake, Stephen Siller, zimamoto wa New York. Tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa ametoka zamu, anaenda zake kucheza gofu na kaka zake, akasikia kwa redio, akarudi kuchukua vifaa. Akafika kwa lile handaki la kutoka Brooklyn akakuta limefungwa, magari hayapiti, akavaa vile vifaa vyote, kama kilo 27, akapita humo ndani kwa miguu mbio hadi kwa yale majengo ya World Trade Center yaliyogongwa na ndege. Ni mmoja wa wale wazima moto 343 waliokufa siku hiyo. Familia yake ikaanzisha mbio, tangu 2002 kila mwaka watu wanapita kwa lile handaki lenyewe, njia ile ile alikimbia yeye, na mchango unasaidia familia za wengine walioanguka kazini. Hiyo imenikaa. Hawakusimama kando wakieleza alivyokimbia, walienda wakakimbia.

Na hapa kwetu mfano uko karibu zaidi. Mathare hapa Nairobi, tangu 1987, wale wa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa huko, walikuwa na akili moja nzuri sana: timu ya watoto haipati pointi za kushinda tu, inapata pia pointi za ligi ikitoka kusafisha mtaa. Watoto wa huko walizoa takataka na wakacheza, na kutoka hapo ikazaliwa Mathare United ambayo mwaka 2008 ilichukua ligi kuu ya Kenya. Sisi tuliiga bila aibu. Kwa toniamenti ya Kocha ukishinda ni pointi 3, lakini timu ikifungua njia inaongezewa 2.

Kufungua njia ni hivi, na mkikuja Jumamosi mapema mtaiona kwa macho. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2 na nusu. Tumekata kamba ya mita 3. Watoto wawili wanashika, mmoja huku mmoja kule, wanaivuta ikaze, wanatembea nayo kutoka barabara kubwa hadi mwisho wa mtaa wao. Mahali kamba inalegea kwa sababu mmoja amekwama, hapo gari haliingii. Basi timu nzima inashughulika na hapo. Wanazibua mtaro, wanasukuma mikokoteni mibovu, wanamwendea mwenye kibanda wanamwomba arudi nyuma hatua moja. Mwaka jana kuna fundi alikataa kuhamisha kokoto zake, watoto wakasimama na kamba mbele yake bila matusi, na kasichana kamoja, namba saba wa timu ya chini, kakamuuliza, "Sasa Kocha angepita wapi?" Huyo mzee alikuwa amemjua Kocha. Alichukua beleshi mwenyewe.

Wapendwa, mimi nikiona ile kamba imekazwa kati ya watoto wawili naona kanzu za Dorkasi. Sina namna nyingine ya kusema.

Wakati wa mapumziko yule mwenzake Kocha, ambaye sasa ndiye refa wetu kila Jumamosi, anawafundisha watoto dakika kumi. Mafuta yakishika moto kwa sufuria usimwage maji, zima jiko na ufunike na kifuniko. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi ya taa, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka. Nguo ikishika moto usikimbie, lala chini ujiviringishe. Nyumba ikijaa moshi tambaa. Anawauliza, wanajibu kwa sauti moja, na kuna mama wa hii jumuiya yetu, atajijua, aliyefunika karai la mandazi lililoshika moto kwa sababu mtoto wake wa darasa la tatu alimpigia kelele asichukue maji.

Tarehe tuliichagua karibu na 4 Mei kwa sababu ni ya Mtakatifu Floriani, msimamizi wa wazima moto, na ndiyo siku yao ya kimataifa tangu 1999, ilianzishwa baada ya wazima moto 5 kule Australia kufa pamoja kwa gari lao moto ulipowageukia. Kwa sala za waamini Jumapili tutawataja hao pia, pamoja na walio zamu usiku huu hapa Nairobi, na mama zao.

Mambo ya Jumamosi ni machache. Misa saa moja, kamba saa tatu, mechi ya kwanza saa nne. Njumu zilizowabana watoto wenu leteni, hata zikiwa zimechoka, kuna fundi wa kuzishona. Uji tunahitaji sufuria mbili kubwa. Baki ya mchango ni karo ya kijana wa Kocha, muhula wa pili unaanza.

Jana tulipomaliza chokaa nilikuwa wa mwisho kutoka, ndoo mkono huu, gunia la mipira mkono huu, matope hadi kwa magoti. Kukawa na kijana mdogo amekaa kwa lile jiwe la kona, wa miaka minane hivi, na rafiki yake kando. Nikapita nikawasalimia. Akaangalia nyuma yangu, akaangalia tena, halafu akaniuliza, "Mwenzako ako wapi?" Nikamwambia wote wameenda, niko peke yangu. Akasimama, akamshika rafiki yake mkono, akanipokonya ndoo. Walinisindikiza hadi stegi.