Siku moja na seva za akiba

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya barua pepe natazama seva za akiba, nakala zinazoifuata seva kuu ya hifadhidata, zimebaki nyuma yake kiasi gani. Sekunde mbili. Salama.

Saa 3:00. Kazi ya leo: kupandisha max_connections (idadi ya juu ya miunganisho) ya PostgreSQL, programu yetu ya hifadhidata, kutoka 200 hadi 300, na hilo halibadiliki bila kuwasha upya. Akiba huanza, kuu hufuata. Ukigeuza mpangilio, akiba husoma thamani mpya ndani ya WAL, kumbukumbu ya mabadiliko ambayo kuu huiandika na akiba huicheza, yaani huyarudia, hujikuta ndogo kuliko kuu, kisha hugoma: kabla ya toleo la 14 ilijizima, siku hizi husimamisha urejeshaji, yaani huacha kucheza WAL.

Saa 4:10. Nimeizima akiba ya kwanza na kuiwasha. Haipokei mtu. Dakika tano, dakika tisa. Mwenzangu wa ripoti amekuja kusimama nyuma ya kiti changu, kimya, na heri angegomba. Kwenye ps, amri ya kuorodhesha michakato, naona jina la faili ya WAL inayochezwa, tarakimu za mwisho zikipanda polepole: 7E, 7F, 80. Kila faili MB 16, na mchakato mmoja tu ndio unaozicheza, hata kichakataji cha seva kiwe na kore ngapi.

Kosa ni langu. Akiba haijiwekei chekipointi, yaani pale data yote inapoandikwa diski na alama kuwekwa. Hungoja rekodi ya chekipointi ya kuu, na hapo ndipo inapopata alama ya kuanzia. Ukiizima hata kwa adabu, ikiamka hurudi kwenye alama ya mwisho na kucheza yote tena mpaka ilipokuwa, ndipo ifungue mlango. Sisi tumeweka checkpoint_timeout, muda kati ya chekipointi, dakika 30 badala ya 5 za kawaida, nami nikaizima dakika ya 28, katikati ya uingizaji mkubwa wa data.

Saa 4:23. Imefunguka. Ripoti zinaenda.

Saa 8:00 mchana. Akiba ya pili. Safari hii natoa CHECKPOINT kwenye kuu, nasubiri akiba iipite rekodi hiyo, natoa CHECKPOINT kwenye akiba yenyewe, ndipo nawasha upya. Sekunde nne.

Saa 3:00 usiku. Zamu ya kuu. Inazima, inawaka, akiba zote mbili zinajiunga tena bila kulalamika.

Saa 3:40. Nimeongeza hatua ya CHECKPOINT kwenye mwongozo wetu, kwa herufi kubwa. Mwenzangu wa ripoti ameshaisoma, anauliza kwa nini haikuwemo tangu mwanzo.