Bajaji ya Jangwani

Darasa letu la jioni la kuunda gemu lilianza saa 11:30, na wengi tulifika moja kwa moja kutoka kazini, tumesimama kwenye mwendokasi njia nzima. Jioni ile kila mmoja alionyesha gemu yake kwenye kompyuta ya mwalimu. Yangu, niliyoiunda kwa Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, ilikuwa bajaji inayoruka madimbwi ya Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika.

Ilipowashwa tu, bajaji ikachomoka na kutumbukia dimbwi la kwanza kabla mwalimu hajagusa kitufe.

"Skrini yako ya nyumbani ni ya hezi ngapi?" aliniuliza.

"60, mwalimu."

"Hii ni ya 144."

Hapo nikaelewa. Hezi ni idadi ya mara skrini inavyochora picha upya kwa sekunde, na kila picha ni fremu moja. Ndani ya _process, sehemu ya msimbo inayorudiwa kila fremu, nilikuwa nimeandika kwamba kila fremu bajaji isogee pikseli 4. Kwa fremu 60 hiyo ni pikseli 240 kwa sekunde. Kwa 144 ni pikseli 576. Mruko haukupungua kimo wala urefu, ila ulichukua fremu 40 zilezile, yaani sekunde 0.28 badala ya 0.67. Hakuna kidole kinachowahi hapo. Na kwenye simu ya bei nafuu inayotoa fremu 30, bajaji hiyohiyo ingejikokota.

Dawa yake ni kupima mwendo kwa sekunde: andika 240, kisha zidisha kwa delta, muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Nilirekebisha palepale, nikakosea kwenye mvutano, yaani nguvu inayoirudisha bajaji chini. Kasi ya kuruka, pikseli 10 kwa fremu, niliizidisha kwa 60 nikapata 600, sawa kabisa. Mvutano wa 0.5 nao nikauzidisha kwa 60 mara moja, nikapata 30. Bajaji ikapaa, ikatoka juu ya skrini. Mvutano hubadilisha kasi, na kasi hubadilisha mahali, kwa hiyo 60 huingia mara mbili: 0.5 × 60 × 60, yaani 1800. Nilipoweka hiyo, kimo kikarudi pikseli 100.

Nilipohamishia mwendo kwenye _physics_process, sehemu ya msimbo inayorudiwa kwa mwendo usiobadilika bila kujali skrini, na kutumia move_and_slide, amri ya Godot ya kusogeza kitu, bajaji ikatambaa pikseli 4 kwa sekunde. Amri hiyo huzidisha kwa delta yenyewe; mimi nilikuwa nimeshazidisha. Delta ikaondoka kwenye kasi, ikabaki kwenye mvutano tu.

Usiku huo nyumbani nilizima ulinganishaji wa fremu na skrini, maana bila hivyo laptopu ya hezi 60 haivuki 60 hata uiambie nini. Nikaweka ukomo wa fremu 30, kisha 60, kisha 144, nikiwa na saa ya simu mkononi. Barabara ya pikseli 2400 ilichukua sekunde 10 mara zote tatu.