Pengo la langoni

Jana binti yangu alileta tawi la saiprasi la Krismasi, sebule ikajaa ile harufu. Akaniuliza, "Mbona kule Limuru kuna saiprasi moja tu langoni, na upande wa pili kisiki?"

Mwaka 1991. Vidukari wa saiprasi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, walikuwa wameonekana Malawi tangu 1986, na Kenya wakaingia 1990. Sisi tulichoona ni nyua za saiprasi za majirani kugeuka rangi ya kutu.

Siku hiyo Baba alipanda ngazi, akatenganisha matawi kwa mikono miwili kama mama anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto. Nje mti ulikuwa kijani. Ndani, kahawia tupu. Akanishushia tawi nilitazame. Vidukari walikuwa wamejipanga kwenye gamba, rangi yao na ya gamba ni moja, kila mmoja kama punje ya ufuta, wametulia wakifyonza. Nilipogusa, vidole vikanata. Yale majimaji matamu wanayotoa yalikuwa yamechuruzika hadi chini, yakaota ukungu mweusi kama masizi ya jikoni, na sisimizi wakipanda na kushuka. Nyanya alikuwa ameshika shina.

"Mwanangu, huu niliupanda ukiwa mgongoni."

Baba hakugeuka. "Najua, Mama."

Tulipulizia maji ya sabuni. Kisha Baba akaazima bomba na dawa kali, na vidukari wakafa. Lakini mti uliendelea kukauka, kwa kuwa mate yao yana sumu, na saiprasi haichipui tena kwenye tawi lililobaki kavu. Kati ya ile miwili ya langoni, mmoja ulipona. Mwingine tuliukata. Miaka iliyofuata wataalamu walileta kutoka Ulaya kinyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya kidukari. Wetu ulikuwa umeshakuwa kuni.

Mpaka leo sijui kama dawa ile iliusaidia ule uliopona, au iliua pia vile vijidudu vyekundu vya madoadoa vinavyokula vidukari. Labda tungeyafungua matawi mapema. Nyanya alifagia chini ya mti ule kila asubuhi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini takataka zimezidi.

Haya yote nilimsimulia binti yangu. Usiku nilimkuta amepiga magoti mbele ya lile tawi, anatenganisha majani kwa vidole, anachungulia ndani.