Mama aliposema hapelekwi "nasari"

Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Minneapolis, Marekani. Narudi saa mbili asubuhi, nalala hadi saa nane mchana. Mama yangu, mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, ana miaka 76. Ninapolala mimi, yeye ndipo yuko macho. Tuliishi hivyo mpaka siku nilipoamshwa na king'ora cha moshi: sufuria ya uji imeungua jikoni, naye yuko sebuleni na tasbihi, hana habari.

Mwenzangu kazini akaniambia nitafute dekea ya wazee, yaani kituo cha kuwatunza mchana tu. Nilipomtajia Mama, aliniangalia kutoka juu hadi chini. "Wanipeleka nasari, mimi?"

Nilidhani dekea zote ni moja, nikachagua iliyo karibu. Kumbe ile ilikuwa ya kujumuika tu: chai, karata, mazoezi ya kukaa kitini, chakula cha mchana. Inamfaa mzee mpweke mwenye afya yake. Mama huchomwa insulini kabla ya kula, na pale hapakuwa na muuguzi wala mtu aliyeruhusiwa kumdunga. Kwa hiyo saa sita nilikuwa naamka, navaa koti, naendesha gari kwenye theluji nikamdunge. Siku ya tatu wakampa mkate wenye nyama ya nguruwe. Waliomba radhi, lakini tangu hapo hakula kitu pale ila ndizi aliyoimenya mwenyewe.

Nikaenda kuangalia ya pili, ya kifamilia. Hapa katika jimbo la Minnesota mtu anaweza kupewa leseni ya kutunza wazee mchana nyumbani kwake, wasiozidi wanane. Palikuwa na utulivu, nami nilipapenda. Mbwa wa mwenye nyumba akaja kulilamba buibui la Mama. Tukaondoka.

Ya tatu ilikuwa ya kiafya: muuguzi, vipimo vya sukari na presha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, gari la kumchukua mlangoni. Kila kitu sawa, isipokuwa kuanzia asubuhi hadi jioni ni Kiingereza na bingo. Mama akawa bubu. Nilimwuliza daktari kama tujaribu zile za wenye ugonjwa wa kusahau, ambako milango hulindwa ili mzee asitoke akapotea. Akasema hajafika huko.

Nalo suala la pesa. Nilikuwa na hakika Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, italipa. Hailipi dekea za kawaida. Inayoweza kulipa ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo hapa huitwa Medical Assistance, kupitia mpango wa Elderly Waiver kwa waliotimiza miaka 65 na wanaohitaji uangalizi wa kiwango cha nyumba ya wazee. Kaunti humtuma mtu nyumbani kumpima mzee, aone anahitaji msaada kiasi gani. Siku hiyo Mama alivaa dera jipya, akajipaka wanja, akampikisha mjukuu mahamri ya mgeni. Akaulizwa: waoga mwenyewe? Ndiyo. Wapika? Ndiyo. Wapanda ngazi? Ndiyo! Heshima yake ilikuwa inamnyima huduma. Nilimfuata yule mpimaji mpaka nje kwenye gari lake, nikamweleza habari ya sufuria, ya kuanguka bafuni mara mbili, na ya insulini anayotaka kuchomwa mara ya pili kwa kusahau. Ukisubiri kupimiwa mzazi wako, yaandike hayo mapema kwenye karatasi. Ukiyasema mbele yake utamvunjia heshima.

Kituo tulichobaki nacho kinaendeshwa na Wasomali. Ni cha kiafya pia, muuguzi yupo, chakula ni halali, na pana chumba cha kuswalia. Kisomali Mama hajui hata neno. Lakini wiki ya kwanza bibi mmoja alimsikia akinung'unika peke yake, akamjibu. Bibi huyo ni wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, anasema Chimwini, ambacho ni Kiswahili cha kwao. Mama alinipigia simu saa tano asubuhi, mimi nimelala fofofo, kuniambia kuwa kuna mtu pale anaita kisu "chisu".

Sasa anakwenda siku nne kwa wiki. Neno dekea halitamki. Husema anakwenda barazani. Ijumaa hukaa nyumbani, na mchana wote anabishana kwa simu na yule Mbarawa juu ya namna ya kupika samaki.