Saa Saba kasorobo Usiku

Mtoto alitoka saa saba kasorobo usiku, mwezi Agosti 2013, kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Nilikuwa zamu katika chumba cha kujifungulia cha hospitali moja ya wilaya, mwaka wangu wa tatu katika kazi ya ukunga. Alikuwa mweupe na mlegevu, hana hata mguno. Sisi wakunga husema mtoto wa namna hiyo "amechoka".

Nilimkausha na kumsugua mgongo, hakushtuka. Nikakata kitovu, nikamfunika pua na mdomo kwa barakoa ya ambu, mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, nikaanza kumpa hewa ya kawaida ya chumbani huku nikihesabu: pumua, mbili, tatu; pumua, mbili, tatu. Mwenzangu alishika kipande cha kitovu kilichobaki tumboni kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili akagonga meza kila pigo la moyo lilipopita, ili nisikie bila kuinua macho. Mwanzoni mapigo yale yalikuwa machache mno. Weupe wa mtoto ulinitisha, ingawa nilikuwa nimefundishwa kwamba mwili wa kichanga anayekosa oksijeni huinyima damu ngozi, matumbo na figo ili ubongo na moyo vipate kile kidogo kilichopo. Kifua kilianza kuinuka vizuri, meza ikagongwa kwa kasi, na dakika ya tisa akalia kilio chembamba.

Nilitoka mbio kwenda kwa bibi yake aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje.

"Bibi, amelia. Amepona."

Alfajiri yote alilala kimya, rangi imemrudia, nami nikaufurahia ukimya ule. Saa mbili asubuhi, nikiwa nakabidhi zamu, bibi aliniita akitabasamu.

"Sista, hebu mwone mjukuu wangu, anaendesha baiskeli."

Miguu ilikuwa ikizunguka taratibu chini ya khanga, midomo ikichezacheza kama anayenyonya, macho yameganda upande mmoja. Nilimshika mguu ili utulie, haukutulia. Lilikuwa degedege.

Ubongo wa kichanga huumia mara mbili. Mara ya kwanza ni pale oksijeni inapokatika na seli kuishiwa nguvu. Damu na hewa vikirudi, seli hujikusanya upya, na kwa muda wa kama saa sita mtoto anaweza kuonekana amevuka. Kumbe ndani ya seli zile kalisiamu imeshaingia kupita kiasi na kuanzisha uharibifu unaokuja kujitokeza baadaye, nao mara nyingi hujitangaza kwa degedege. Ni katika saa hizo hospitali zenye vifaa huanza kumpoza mtoto mwili hadi nyuzi joto 33.5 kwa saa 72, ili kupunguza uharibifu huo. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba tulichokosa usiku ule ni mashine ya kupozea. Kisha mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, yakionyesha kwamba huko kupoza hakukupunguza vifo wala ulemavu, na waliopozwa walikufa zaidi. Nikabaki na kile nilichokuwa nacho mkononi na sikukitumia: kipimo cha sukari. Ubongo uliokosa oksijeni hutafuna sukari haraka, na mimi nilikuwa sijampima tangu azaliwe. Nilipompima asubuhi ile ilisoma 1.8, chini mno.

Tulimpa dextrose, yaani maji ya sukari, kisha phenobarbital, dawa ya degedege, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Wakati dawa ikiingia polepole, nilimgeukia bibi.

"Bibi, nilikwambia amepona kabla sijajua. Nisamehe."

"Na sasa unajua, mwanangu?"

"Bado."

Hakuuliza tena. Aliingiza mikono chini ya khanga, akaishika miguu yote miwili katika viganja vyake bila kuikaza, akaifuata ikizunguka, mpaka ilipopunguza mwendo na kusimama.