Ukuta wa matumbawe unaobebwa na watu wawili

Jamani mimi hili nalisema kila nikikaa na watu wa jukwaa. Mchezo wa kuigiza unahusu Kilwa ya zamani, masultani, dhahabu ya Sofala kule Msumbiji, kila kitu, halafu pazia likifunguka unakuta ukuta wa matofali ya kijivu yamepangwa mstari kwa mstari, yote saizi moja. Huo ukuta ni wa ngome za Ulaya, Kilwa haupo. Na mtazamaji wa pwani anajua hata kama hajui kusema ni nini kimemkwaza, maana kuta za matumbawe kazikuta toka anazaliwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata gundi, nenda kaangalie ukuta wenyewe. Aliyeko Bagamoyo ana magofu ya Kaole pale karibu kabisa, aliyeko Malindi ana Gede, Unguja ndo usiseme. Simama karibu, gusa. Utaona mawe hayalingani, kubwa kwa dogo yamezamishwa tu kwenye chokaa, juu yake plasta, na plasta imebanduka zaidi kule chini kwa sababu unyevu wa ardhini unapanda na chumvi yake. Juu kuna weusi wa ukungu umeteremka na michirizi ya mvua. Na rangi siyo kijivu, ni nyeupe iliyochoka, kuna mahali inaenda njano. Piga picha nyingi, hasa pale plasta inapoishia na jiwe linapoanza, maana hapo ndo kazi yote ilipo.

Sasa kutengeneza. Mimi napiga fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili, ukubwa wa futi nne kwa nane, halafu najaza lile povu jeupe gumu linalokuja na maboksi ya TV na friji, maduka ya vifaa vya umeme wanalitupa, ukiwaomba vizuri wanakupa. Povu hili mita moja ya ujazo ni kama kilo 15 mpaka 20 hivi, jiwe lenyewe la ujazo huo linapita tani, yaani ukuta mzima watu wawili wanauhamisha taa zikizimwa na hakuna anayeumia mgongo.

Kukata, kisu kirefu chenye makali kinatosha. Usikate mstari ulionyooka. Vunja kona kwa mkono, acha vipande vitofautiane. Halafu yale matundu ya tumbawe, hapa ndo napapenda mimi, chukua brashi ya zamani, chovya kwenye thina ya rangi kidogo sana, dondoshea juu ya povu. Linaliwa hapohapo unaona, linazama, linaacha vishimo vyenye kingo za ovyoovyo ambazo kwa kisu huzipati hata ukeshe. Fanyia nje kwenye upepo, vaa glavu na barakoa ya kemikali siyo ile ya kitambaa, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Na kwa sababu hiyohiyo usije ukapuliza rangi ya kopo moja kwa moja kwenye povu, itakula ukuta wote. Rangi ya maji tu.

Mawe yanayoonekana yapake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na mchanga laini, nyembamba ili vishimo visizibe. Sehemu za plasta weka kitambaa cha marekani, ile pamba ya kawaida isiyotiwa rangi, kilicholoweshwa gundi, na ule ukingo wake ukunje mara mbili tatu uwe mnene, kisha uuchanechane. Huo unene ndo unatupa kivuli, na kivuli ndo kinamwambia aliyekaa nyuma kabisa kwamba hii ni plasta imebanduka. Mifereji kati ya mawe ichimbe kina cha kidole kizima, ukiwa karibu utaona umezidisha, ukikaa viti vya nyuma utaona ni sawasawa.

Kama kuna mihrabu au nakshi, hiyo fanya laini kabisa. Mafundi wa zamani kwenye nakshi walitumia tumbawe lililotoka baharini likiwa bado bichi, linachongeka, likishakauka linakuwa gumu. Kwa hiyo nakshi zao ni safi, hazifanani na ukuta unaozizunguka, na jukwaani tofauti hiyo iheshimiwe. Mimi natumia trei za mayai zilizoloweshwa, zikapondwa na uji wa unga wa ngano, zikakandwa mpaka laini.

Rangi anza na nyeusi ya kahawia ndani ya mifereji, ikikauka pitisha nyeupe chafu kwa brashi kavu juujuu. Na mtu wa taa mwombe taa ya pembeni, taa ya mbele peke yake inafuta kazi yako yote. Taa zenye joto zikae mbali, na mishumaa ya kweli hapana kabisa, povu linashika moto haraka hata likiwa limefunikwa.

Kitu cha mwisho ni mwigizaji. Kama kuna jiwe la kubeba, mpe kwanza jiwe la kweli alibebe kwenye mazoezi, mwili ushike ule uzito, miguu ijitanue, pumzi ibadilike, ndo umpe la povu. Na likiangushwa halitoi sauti ya maana, kwa hiyo weka mtu nyuma ya pazia na jiwe halisi na ubao mnene, wafanye mazoezi pamoja mpaka waende sambamba.